Nilivyopata kibarua na field (mafunzo ya vitendo ya chuo) bila kusambaza CV

Mimi nimechoka na ule ushauri wa "sambaza CV kila ofisi, vaa vizuri, utaitwa tu". Niliufuata mwaka wa kwanza. Nasoma uhasibu chuo cha IFM, ofisi zote za Posta ziko pua na mdomo, nikaizunguka Samora yote na shati la mikono mirefu, jua la Dar mnalijua wenyewe, na kila mapokezi ni "acha hapo tutakupigia". Sehemu moja nilimkuta mlinzi anajipepea na CV ya mtu, kabisa, na picha ya pasipoti inaonekana. Yangu akaipokea kwa mkono wa pili.

Kilichonitoa ni mfuko wa risiti. Nilienda Kariakoo kutafuta mashuka ya hosteli, nikamkuta mama mwenye duka anafoka kwenye simu, mhasibu wake anataka risiti za manunuzi, ritani ya VAT, yaani hesabu ya kodi ya ongezeko la thamani, mwisho tarehe 20, na risiti zenyewe zimefutika. Karatasi ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, haina wino, inachapwa kwa joto, sasa yeye alikuwa anaziacha kwenye dashibodi ya gari! Na bila risiti ile 18% aliyokatwa akinunua mzigo hairudishi.

Nikamwambia shikamoo mama, naomba nizijaribu, usinilipe kwanza.

"Marahaba mwanangu, jaribu, ila zikipotea utanitambua."

Basi nikakaa nyuma ya marobota na tochi ya simu. Usimulike kutoka juu, mulika kwa ubavu, maandishi yanaibuka kidogo. Huna haja ya kusoma risiti nzima, tafuta ile namba ya uhakiki na saa ya risiti tu, ingiza kwenye ukurasa wa TRA (mamlaka ya mapato) wa kuhakiki risiti na inakuja yote, muuzaji, tarehe, kiasi. Ambayo QR yake imepona ndo mteremko. Kuna moja ya mzigo wa milioni kadhaa ilinitoa jasho, herufi sijui B sijui 8, nikaweka 8 ikagoma, nikaweka B ikakubali, mama akapiga kigelegele mpaka wateja wakageuka. Nilipewa kama elfu ishirini na pilau, na nikaambiwa Jumamosi nirudi.

Toka hapo nikawa napiga picha risiti siku hiyohiyo, natunza Z ripoti (ile jumla ya mauzo ya siku inayotoka kwenye EFD), naweka kwenye Excel. Malipo patana kwa kazi, sio kwa siku, maana kwa siku utatumwa hadi chai. Na anayekuomba "hela ya fomu" ili akupe intanshipu, block.

Field ilikuja yenyewe. Mhasibu wake, wa kampuni ya ushauri wa kodi, akauliza nani kapanga hivi vitu, nikatokea na barua ya utambulisho ambayo nilikuwa natembea nayo kwenye begi (tembea nayo, chuo wakianza kuzitoa tu chukua). Wenzangu wengi walikuwa bado wanasubiri kupigiwa. Ila kwa watu wa kodi usiende kati ya tarehe 15 na 20, hakuna atakayekuangalia usoni.

Field yenyewe walinipa nauli tu. Lakini Jumamosi nilibaki kwa mama dukani, kwa hiyo hela ya bodi ya mikopo ilipochelewa mimi nilikuwa nakopesha room nzima.