Nilivyoijenga Android kwenye kompyuta yenye RAM ya GB 16

Mradi wa Android wa chanzo huria hupendekeza diski yenye nafasi ya GB 400 na RAM ya GB 64. Diski ninayo. RAM yangu ni GB 16 tu.

Kupakua msimbo kulikatika mara tatu, maana laini yangu ya intaneti haikuhimili mizigo mingi kwa mpigo. Nikaandika `repo sync -c -j4`, ikaleta tawi (toleo la msimbo) nililohitaji pekee, mizigo minne minne kwa mpigo. Ikikatika rudia amri ileile, haianzi upya.

Kasheshe ilikuwa kujenga, yaani kuugeuza msimbo kuwa mfumo unaofanya kazi. Baada ya `lunch`, amri ya kuchagua kifaa cha kujengea, nikaandika `m`, amri ya kuanza kujenga, na kila mara kazi ilikufa ikiacha neno moja: `Killed`. Siku mbili nzima nilisaka kosa ndani ya msimbo, kumbe msimbo ni mzima kabisa! Kilichonifumbua macho ni `sudo dmesg`, amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli (kiini cha mfumo endeshi): kerneli ilikuwa imeiua java, programu inayotumika katika ujenzi, kwa sababu kumbukumbu (RAM) imejaa. Ningeanzia hapo, ningeokoa siku hizo.

Nikatenga faili la swapu, nafasi ya diski inayotumika RAM ikijaa, kwenye SSD:

`sudo fallocate -l 32G /swapfile`
`sudo chmod 600 /swapfile`
`sudo mkswap /swapfile`
`sudo swapon /swapfile`

Kisha nikaandika `m -j4`, yaani kazi nne kwa mpigo, badala ya `m` tupu, ambayo hugawa kazi kwa viini vyote vya prosesa na kila kazi hudai kumbukumbu yake. Ni polepole, lakini inafika. Niliiacha usiku kucha. Alfajiri nikakuta mstari wa kijani: `build completed successfully`.