Mbuzi ya mama iko chini ya kitanda

Miaka 14 Leicester, Uingereza, na kilichonirudisha Tanga kichwani kila asubuhi ya baridi ni mbaazi za nazi na maandazi. Sasa nimefika. Asubuhi ya kwanza mama kaniwekea mkate wa slesi, siagi ya kopo na soseji mbili, za heshima ya mgeni. Watoto wa kaka yangu wamekaa mkekani na tambi za pakiti. "Shikamoo shangazi," midomo imejaa. Kabla chai yangu haijapoa, bakuli zao zilikuwa tupu.

Nilitaka kusema. Nikakumbuka maboksi. Kila mwaka nilituma boksi kwa meli, na ndani yake, chini ya nguo na viatu, ni tambi hizohizo, juisi ya unga, biskuti za krimu. Ladha hiyo nyumbani kwetu niliileta mimi, na nauli nikalipa.

Na nilikuwa najua. Miaka sita nimefanya zamu ya usiku kwenye kiwanda cha vyakula vya kupasha, kofia ya wavu kichwani, nasimamia mashine inayomimina sosi kwenye vitrei. Sosi ile inatiwa wanga uliorekebishwa ili ikigandishwa isijitenge. Nyama laini, viazi laini, kila kitu laini. Meno hayana kazi.

Hilo la meno si dogo. Mwaka 2019 mtafiti Kevin Hall na wenzake kule Marekani walichapisha jaribio: watu 20 walikaa ndani ya kituo mwezi mzima, wiki mbili wanakula vyakula vya kiwandani, wiki mbili vya kawaida, kila mtu ale anavyotaka. Sukari, mafuta na chumvi kwenye milo iliyoandaliwa vilikuwa sawa pande zote mbili. Kwenye vya kiwandani walikula haraka zaidi, wakazidisha kama kalori 500 kwa siku, na uzito ukapanda karibu kilo moja.

Nikamweleza mama. Akanisikiliza huku anachambua mchele.

"Na sembe niliyokulea nayo?"

Kanishika. Sembe nayo imekobolewa, kiini kimetolewa pamoja na mafuta yake ili unga usichache upesi dukani. Dona tulikuwa tunaiita chakula cha wafungwa.

"Halafu mbaazi zinakula mkaa," akaendelea. "Nazi nayo bei. Na nani akune? Zamani nilikuwa na nyinyi. Hawa wanarudi tuisheni jua limezama."

Wataalamu wengi wanaozungumzia ulaji hawajawahi kununua mkaa wa kopo, ndiyo maana ushauri wao unaishia kwenye mabango ya zahanati.

Jumamosi nikaitafuta mbuzi. Ilikuwa chini ya kitanda cha mama, imefungwa kwenye kanga, meno yake yana kutu. Nikaisugua kwa mchanga, nikakaa, mtoto mdogo wa kaka akauliza kwa nini inaitwa mbuzi na haina miguu ya nyuma. Kufikia nazi ya pili kiganja kilikuwa kimechubuka. Mama akachuja tui zito, akaliweka pembeni, la pili likatangulia jikoni. Hajasahau kitu.

Saa tano tukala. Yule mdogo akaonja mbaazi, akatafuna, akafikiri.

"Shangazi, tomato sosi ipo?"

Ilikuwepo. Ile ya boksi la mwaka jana.