Siku yangu kwenye dirisha la tatu, nchi ambako pesa inaliwa

Saa 10:15 alfajiri

Nimeamshwa na sauti ya pesa ikiliwa. Usiku ukitulia kabisa, weka sikio kwenye gunia, utasikia: krr, krr, krr. Nikawasha taa, nikainama chini ya chaga, nikakuta kichuguu cha unga mwepesi kama uliotoka mashineni. Dumuzi. Gunia la mahindi nililolijaza kidogo kidogo kwa miezi saba, kwa ajili ya mabati ya jikoni, limepata mlaji kabla yangu.

Kwa asiyetufahamu: Shibeni ni nchi ndogo ambayo hutaiona kwenye ramani yoyote, na fedha yake halali ni chakula. Kipimo cha msingi ni kibaba cha mahindi. Vibaba vinne ni pishi moja, kama walivyopima wazee wa pwani. Akiba ya miaka ni chumvi na asali. Chenji ni mayai. Nauli ni ndizi mbivu. Ninyi mkisema "mweka hazina kala hela za kikundi" mnasema kwa fumbo. Sisi tunauliza, alizichemsha au alizichoma?

Baba watoto akageuka kitandani. "Si ulisema utalipeleka ghalani?"

Nilisema. Na mimi ndiye karani wa ghala, dirisha la tatu, mwaka wa tisa sasa, nikiwaambia watu kila siku wasilaze akiba chumbani. Nililiweka chumbani kukwepa kipunguo. Nitaeleza kipunguo ni nini nikifika kazini. Saa hizi sina hamu.

Huyu dumuzi si mwenyeji wa pande hizi. Asili yake ni Amerika ya Kati. Kwa majirani zetu wa Tanzania alianza kuonekana Tabora, mwishoni mwa miaka ya 1970 kuingia 1980, na wako wakulima waliompachika jina la Scania, lile lori. Ukishika punje aliyoipitia utaelewa kwa nini. Fukusi hutoboa. Dumuzi anasaga.

Saa 12 kamili

Kwenye daladala, konda amenigomea.

"Dada, ndizi hii imeiva mno."

"Imeiva leo."

"Nikifika mwisho wa ruti si itakuwa pombe?"

Tumekubaliana mbili badala ya moja. Kwenu mfumuko wa bei hutangazwa na ofisi ya takwimu. Kwetu unausoma kwenye ganda, yale madoa meusi. Jioni konda wananuka kama pipa la mbege, na kila mmoja ana haraka ya kununua chochote kwa yeyote kabla jua halijazama.

Saa 1 asubuhi

Nafungua dirisha. Vifaa vyangu vya kazi ni mizani, ungo, daftari, bambo na chupa ya chumvi. Bambo mnalijua: kile chuma kilichochongoka chenye mfereji, unakichoma ubavuni mwa gunia, punje zinateremka kiganjani bila kufungua mshono. Chupa ndiyo inayowashangaza wageni. Kipima unyevu chetu cha betri kiliharibika zamani, kwa hiyo tumerudi kwenye njia ya wazee: tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi yana maji, rudi nayo ukaanike. Tunataka unyevu usiozidi asilimia 13.5.

Watu hununa wakirudishwa. "Karani unaringa." Lakini mahindi yenye maji huota ukungu, na ukungu huleta sumukuvu, na sumukuvu huiendea ini. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa mahindi ya namna hiyo. Noti bandia ya kwenu humtia mtu hasara. Ya kwetu humtia kaburini.

Saa 2 hadi saa 5

Foleni imefika mwembeni. Wa kwanza kijana, kabeba lumbesa: gunia limejazwa, limevimba, kisha limeshonewa kichwa cha kamba juu kama kilemba. Anataka lihesabiwe gunia moja, maana ndivyo mlanguzi alivyomfunza shambani. Nikamwambia, mwanangu, hapa tunapima kwa mizani, hicho kilemba ni debe zima unalompa mtu bure. Akakaa chini akakifungua palepale. Bado simwelewi aliyewaza kwamba mkulima ndiye alipie unene wa gunia.

Wa nne alikuwa mama mmoja, mtanashati, shikamoo nyingi. Nikachoma bambo juu, safi. Katikati, safi. Nikamwomba kuli alilaze gunia, nikachoma chini. Mchanga.

Hakuona haya hata kidogo. "Labda walichanganya mashineni." Nikaandika kwenye daftari, nikamrudishia gunia lake. Mkuu wetu wa ghala, ambaye kila tukio analo la kulifananisha nalo, akapita nyuma yangu akacheka: hata Mexico ya kale walikuwa na huyo mama. Kule pesa ndogo ilikuwa punje za kakao, na wajanja walitoa nyama ya punje, wakashindilia udongo ndani ya ganda, wakaifunga tena. Anaipenda zaidi orodha ya bei ya Tlaxcala ya mwaka 1545, chini ya Wahispania: jike zuri la bata mzinga, punje 100 zilizojaa, au 120 zilizosinyaa, parachichi lililotoka kuchumwa, punje 3, likishaiva kabisa, punje 1. Anairudia hiyo ya parachichi kila wiki. Konda wangu wa asubuhi angeielewa bila kufundishwa.

Saa 4 na nusu akaja mzee wa chumvi. Kila nchi ina wazee waliokula chumvi nyingi. Tofauti ni kwamba wa kwetu nimeiandika kwenye daftari, ni kiasi gani na tarehe ipi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nitolee kipande."

Aliweka chumvi yake tangu ujana, mabamba yaliyofungwa kwa majani makavu ya mgomba, na sasa anakata kidogo kidogo kulipia dawa. Ethiopia walikuwa na mfano wake, amole, mabamba ya chumvi yaliyokatwa kwenye bonde la Danakil na kupandishwa nyanda za juu kwa ngamia na nyumbu, na yalitumika kama pesa hadi karne ya 20. Kadiri bamba lilivyosafiri mbali na chumvi ilikotoka ndivyo thamani yake ilivyopanda. Babu naye amesafiri mbali na ujana wake. Nilimkatia kipande, nikakipima, akaomba nikifunge vizuri maana mawingu hayampendezi. Chumvi haiozi, ila ikionja mvua inaondoka bila kuaga.

Nyuma yake alisimama fundi mmoja mkali. Aliweka pishi mia moja mwezi uliopita, leo anasoma 99. Moja iko wapi?

Sasa hicho ndicho kipunguo. Kila mwezi ghala linakata pishi moja katika kila mia: ya kuanika, ya paka, ya dawa, ya punje zinazokufa zenyewe. Nikamwambia kaka, huko duniani wako waliotamani pesa yenye tabia hiyo. Silvio Gesell, mfanyabiashara wa Kijerumani aliyezaliwa 1862, alishangaa kwa nini kila bidhaa inachakaa sokoni isipokuwa pesa, akataka pesa nayo ichakae ili mtu asiifiche. Mwaka 1932, mji mdogo wa Wörgl, Austria, ulijaribu: noti za mji zilipoteza asilimia moja kila mwezi, na mwenye noti alipaswa kununua stempu ya kubandika ili ibaki na thamani yake. Watu wakazitoa mikononi upesi upesi, barabara zikajengwa, mwaka uliofuata benki kuu ikapiga marufuku. Sisi hatukuhitaji stempu. Tuna fukusi.

"Kwa hiyo?" akauliza fundi.

"Kwa hiyo ni 99."

Akatoa 20 papo hapo, akaondoka nazo kwenda kumlipa msaidizi wake. Gesell angefurahi. Mimi nilikuwa nawaza gunia langu.

Saa 6 mchana

Mama ntilie wetu hauzi chakula, maana chakula ni pesa na hakuna anayeuza pesa. Unampa kibaba, anapunguza chake kwanza mbele ya macho yako, kinachobaki anakusongea ugali. Mboga ni hisani. Tulikula tukitazamana. Kuna huzuni ndogo ya kula mshahara wako ukiwa wa moto, sijui kama kwenu mnaijua. Labda mwisho wa mwezi.

Saa 8 mchana

Kuanzia saa hii mayai hayapokelewi mpaka yapite majini. Lililolala chini, pesa. Lililosimama wima, nusu. Linaloelea, tafadhali nenda nalo nje.

Saa 9 alasiri

Posho imefika. Ilikuwa ije jana. Huko kwenu neno hili limebaki la vikao na bahasha. Zamani za misafara ya pwani kwenda bara, posho ilikuwa nafaka yenyewe, ya mpagazi, kibaba kwa siku. Jana makuli walikuwa wamekaa kwenye ngazi, hawagusi gunia, na mkuu kama kawaida akatukumbusha Misri: mwaka wa 29 wa utawala wa Ramses III, karne ya 12 kabla ya Kristo, wachonga makaburi ya wafalme waliweka zana chini wakaenda kukaa kwenye mahekalu, kwa sababu nafaka yao ya mshahara ilikuwa imechelewa. Kuli mmoja akamuuliza, "Na wao waliambiwa hadithi?"

Leo hakusimulia kitu. Alipima.

Saa 10 na nusu

Kufunga hesabu. Nimetoka na debe moja kichwani. Mtu akikuona hapa anajua mshahara wako, anajua na utakwisha lini.

Saa 12 jioni

Tumelimwaga gunia uani. Mama mkwe alipepeta, watoto wakachambua, mimi nikapima. Robo imekwenda na vumbi. Kilichobaki kingeweza kupona: kuanika, kuchekecha, kisha mfuko usiopitisha hewa, ule wa kinga njaa, wadudu wafie humo. Mfuko ninao mmoja tu, na una tundu la panya.

"Hayafiki wiki mbili haya," mama mkwe akasema. "Gawa."

Na kugawa kwetu si sadaka tu. Unampa mtu debe leo, debe kwa debe, atakurudishia debe la mavuno, zima, bila dumuzi. Riba hakuna, kula riba ni haramu na pia hakuna anayetaka kuongezewa kitu kitakachooza. Nilipita nyumba kwa nyumba. Jirani wa mkono wa kulia ana wajukuu sita, akachukua debe. Yule fundi mkali wa asubuhi, kumbe anakaa mtaa wa pili. Akachukua mawili, akanitazama, akauliza kama haya ni 99 au 100. Mwalimu akachukua nusu debe, akaandika mwenyewe jina lake kwa herufi nzuri.

Saa 2 usiku gunia limekunjwa. Nina daftari lenye majina matano, na sina bati hata moja.

Fundi alisema mavuno yakifika, kama nitataka, atalipa kwa kuezeka badala ya mahindi. Mabati anayo? Hana. Lakini mkono anao.

Saa 4 usiku

Kimya. Nimeweka sikio kwenye debe la posho kwa mazoea, hakuna krr. Baba watoto anakoroma. Nilikuwa karibu kupitiwa na usingizi ndipo tone la kwanza likagonga sufuria jikoni, la pili likagonga kitu kisicholia, na nikakumbuka kilichoko chini ya lile tundu la paa.

"Baba watoto! Amka! Chumvi!"