Mafuta ya Taa ya Mia Mbili

Bajeti ya Tanzania ya Juni 2011 ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 kwa lita hadi 400.30. Kisa kilikuwa uchakachuaji: dizeli ilitozwa kodi kubwa, mafuta ya taa kodi kiduchu, wajanja wakawa wanachanganya na kula tofauti. Wakati huo nilikuwa msaidizi wa utafiti Dar es Salaam, najaza takwimu kwenye modeli ya kupima hatua ile ingeleta nini hazina na kwa walalahoi.

Upande wa uchakachuaji hesabu ilikuwa nyepesi. Ziba pengo la kodi, faida ya kuchanganya inakufa. Kazi ilikuwa majumbani. Huko tulihitaji mnyumbuko: bei ikipanda asilimia 10, mtu anapunguza matumizi kwa asilimia ngapi? Tulikuwa na tarakimu ndogo iliyoazimwa nchi nyingine. Kwa mujibu wake watu wangejibana kidogo tu, na makusanyo yangenona.

Mzee wetu wa ofisini hakuipenda. "Nenda Manzese ukakae dukani," akaniambia. Kwa mgao wa umeme wa mwaka ule, kompyuta zenyewe zilikuwa mapambo.

Nikakaa kwa Mangi mmoja, magharibi inaingia. Watoto wanakuja na chupa za soda, sarafu mkononi: "Mafuta ya mia mbili." Lita haikutajwa na yeyote. Mangi anachota kwa kikopo cha bati. Zamani alikuwa anakijaza, sasa anaishia kwenye alama aliyoikwaruza kwa msumari.

"Hela yao ni ileile, mdogo wangu. Kinachopungua ni mafuta."

Hapo hesabu ikakaa. Anayetenga mia mbili kila jioni, bei ikipanda maradufu anaondoka na nusu. Mnyumbuko wake ni 1 kamili, si ile tarakimu ya kuazima. Tulipoiingiza, makusanyo yakanywea na giza la majumbani likaongezeka.

Mzee akasoma, akauliza, "Na hayo yaliyopungua wanayaziba na nini?"

Kwa kupikia ni mkaa, safu yake ilikuwepo kwenye modeli. Kwa mwanga nilikuwa na jibu la Mangi. Nyuma ya sabuni alishapanga tochi za Kichina na betri, nami nilimuuliza kama zinatoka.

"Kuliko tambi za taa," alisema.

Nikaongeza safu ya betri.