Mzizi wake uko wapi?

Leo bamvua, maji yametoka mapema, nikamfuata mama mdogo shambani kwake baharini, Paje, huku Zanzibar. Nilikwenda na binti yangu wa darasa la tano.

Mama mdogo analima mwani tangu kilimo hiki kilipoingia kwetu, 1989. Tukainama kufunga vishada kwenye kamba.

Binti akakigeuza kishada, akakigeuza tena.
"Bibi, mzizi wake uko wapi?"
"Hauna."
"Sasa unakula vipi?"
"Kwa mwili mzima, mjukuu wangu."

Na ndivyo. Mwani umezama ndani ya chakula chake, unafyonza kila upande. Mzizi wa kutafuta maji wa nini? Shina la kuyapandisha juu, kama mpapai wetu uani, la nini? Hata jani la kweli hauna.

Mimi nikajifanya mjuzi: basi vyote viotavyo baharini havina mizizi!

Mama mdogo hakunijibu. Akachimbua kwa vidole majani ya bahari yaliyoota kando ya kigingi.

Likatoka shina jeupe, lilikuwa limelala chini ya mchanga kama kamba. Kila kifundo kimetoa majani juu, na chini vijizizi vyembamba kama nywele. Akalisuuza mara mbili, mchanga bado umeng'ang'ania.

Haya nilisoma skuli, na mtihani nikafaulu. Kuyashika, leo ndiyo mara ya kwanza 😅

Wa pwani wenzangu, kwenu majani haya mnayaitaje? Na nani ana picha ya mikoko ya Chwaka, ile mizizi inayochomoza matopeni kupumua? Binti kashaanza kuuliza.