Mululuza kwenye kompyuta: kabla hujaiamini alama ya −9

Uganda haina uhaba wa majani yanayotajwa kwa kisukari: mululuza (Vernonia amygdalina), bbombo (Momordica foetida), mlonge, majani ya muembe. Mwanafunzi mwenye laptopu ya kawaida anaweza kuchukua molekuli mia tatu za mimea hii, akazipachika moja moja kwenye protini kwa AutoDock Vina, ambayo ni programu ya bure, na baada ya usiku mmoja au mbili akawa na jedwali zima la alama: makisio ya nguvu ya kushikana, kwa kilokalori kwa moli, ambapo namba iliyo hasi zaidi ndiyo bora. Shida ni kwamba jedwali hutoka hata pale kila kitu kilipokosewa. Vina haikasiriki.

Makosa huanza kwenye jina la mmea. Ukitafuta "Momordica" kwenye hifadhidata, nyingi utakazopata ni molekuli za karela, yaani Momordica charantia. Bbombo ni ndugu yake, si yeye. Orodha ya molekuli itokane na spishi iliyothibitishwa hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa), ya Makerere kwa mfano, na ikibidi itokane na sehemu ileile ya mmea inayotumiwa na waganga. Mzizi na jani havibebi vitu sawa. African Natural Products Database ni mahali pazuri pa kuanzia. PubChem nayo ni pana, ila kagua mpangilio wa atomi angani, kwa sababu baadhi ya maingizo hayana taarifa hiyo na programu ya kutengeneza umbo la 3D itajichagulia upande wowote.

Sasa protini. Tuchukue amilesi ya kongosho, kimeng'enya kinachokata wanga wa matooke na posho kuwa vipande vifupi vya sukari. Hii inafaa kwa sababu moja kubwa: majibu ya kompyuta yanapimika kwenye benchi la kawaida, kwa wanga, amilesi ya nguruwe na kitendanishi cha DNS, kinachobadilika rangi kikikuta sukari na kusomwa kwenye nanomita 540. Ukipenda SGLT2, protini ya figo inayorudisha sukari kwenye damu, umbo lake lipo (7VSI, ikiwa imeshika dawa ya empagliflozini), lakini kuipima kunataka seli hai zilizopandikizwa protini hiyo. Kompyuta itakukubalia yote mawili.

Pakua 1B2Y kutoka Protein Data Bank, hifadhi ya maumbo ya protini: ni amilesi ya binadamu iliyoshika akarbosi, dawa ya kisukari inayoizuia. Toa maji. Hapa miongozo mingi ya mtandaoni husema "futa kila kisicho protini", na kwa amri hiyo moja ayoni ya kalisi na ya kloridi huondoka pamoja na maji. Usikubali. Kalisi hushikilia umbo la kimeng'enya, na kloridi ipo jirani kabisa na shimo la kazi, yaani pale wanga unapokatwa. Bila hiyo amilesi hulegea sana. Weka hidrojeni, hifadhi kama PDBQT (aina ya faili inayosomwa na Vina), halafu fungua faili kwa kihariri cha maandishi na uhakikishe mistari ya CA na CL bado ipo. Ukiona CA, angalia vizuri: jina hilohilo hutumika kwa kaboni ya alfa, na programu nyingine huchanganya.

Sanduku la utafutaji, yaani eneo ambamo Vina itajaribu kuipachika molekuli, liwe katikati ya asidi amino tatu za shimo hilo, Asp197, Glu233 na Asp300, angstromu 26 kila upande. Ukizidisha ujazo wa angstromu za ujazo 27,000 (30 kila upande) Vina hutoa onyo, nalo lina maana: nafasi imekuwa kubwa kuliko nguvu ya utafutaji. Kigezo cha exhaustiveness, yaani bidii ya utafutaji, huja kikiwa 8. Kipandishe hadi 32.

Kabla ya molekuli hata moja ya mululuza, ipachike akarbosi yenyewe upya na ulinganishe na ilivyo kwenye fuwele ya asili, yaani kwenye 1B2Y. Tofauti isizidi angstromu 2. Zingatia namna unavyopima: baadhi ya programu huzilaza kwanza molekuli mbili moja juu ya nyingine ndipo zipime, na hapo hata iliyotua nje ya shimo itaonekana imefaulu. Akarbosi ina viungo vingi vinavyozunguka, kwa hiyo huenda ikashindwa mara ya kwanza. Ongeza utafutaji, rudia kwa mbegu tofauti za nasibu (namba zinazoanzisha utafutaji). Ikiendelea kushindwa, usiendelee na jedwali.

Tufike kwenye alama. Katika joto la kawaida, tofauti ya takriban kilokalori 1.4 kwa moli ni sawa na nguvu mara kumi. Watengenezaji wa Vina wenyewe, mwaka 2010, waliripoti kosa la kawaida la 2.85. Kwa hiyo −9.1 na −8.8 ni kitu kimoja. Kuandika kwamba ya kwanza "ina nguvu zaidi" ni kujidanganya. Isitoshe, molekuli kubwa hupata alama nzuri kwa ukubwa tu. Gawa alama kwa idadi ya atomi zisizo hidrojeni uone nani anabaki juu.

Sentensi inayochosha kuliko zote ni hii: "flavonoidi yetu (molekuli bapa ya kawaida kwenye mimea) imeishinda akarbosi." Akarbosi ina nitrojeni inayobeba chaji chanya, nayo hushikana na asidi za kwenye shimo. Vina haihesabu chaji kabisa, na inatoza adhabu kwa kila kiungo kinachozunguka. Akarbosi imeonewa; flavonoidi iliyo bapa na ngumu imebebwa. Kwenye benchi kuna mtego pacha: alfa-glukosidasi, kimeng'enya kingine cha kukata sukari, inayouzwa sana ni ya hamira, na akarbosi huizuia kwa udhaifu mkubwa. Dondoo la jani lolote lenye tanini litaonekana shujaa mbele yake.

Kanuni ya Lipinski, ya kuchuja molekuli zinazoweza kuwa dawa, nayo hutumiwa ovyo. Uzito chini ya 500, vitoa hidrojeni visizidi 5, na kadhalika: hiyo ni kwa dawa inayomezwa ili iingie kwenye damu. Akarbosi ina uzito wa 645 na huvunja karibu kila kipengele, lakini kazi yake iko ndani ya utumbo. Ukichuja molekuli za amilesi kwa Lipinski, unaitupa dawa yenyewe.

Mululuza ina laktoni kama vernodalini, zenye mkono unaojifunga moja kwa moja kwenye salfa za protini. Vina hupachika bila kufunga, kwa hiyo haioni kitu hicho, wala sumu inayoweza kutokana nacho. Ziweke kando. Na glikosidi za luteolini, yaani flavonoidi hiyo ikiwa imeshikana na sukari: bakteria wa utumbo huzikata sukari, na kinachoingia kwenye damu ni kitu kingine. Ndivyo ilivyokuwa kwa florizini ya gome la mtufaha, iliyojulikana tangu 1835. Ilizuia SGLT2, lakini ikakatwa tumboni na ikazuia SGLT1 pia, ndugu yake wa utumbo. Wanakemia walipobadilisha kiungo cha sukari kiwe cha kaboni, ndipo dawa ya dapagliflozini ikapatikana.

Ukifika kwenye GROMACS, programu inayoiga mwendo wa molekuli, kwa molekuli chache zilizobaki, umeme utakatika. Faili ya .cpt, inayohifadhi hatua iliyofikiwa, huandikwa kila dakika 15, na kwa amri ya -cpi kazi huendelea pale ilipokatikia.

Kisha benchi. Dondoo lina sukari zake, ambazo DNS itazisoma kama kazi ya amilesi, kwa hiyo kila kipimo kiwe na mwenzake asiye na kimeng'enya. Rudia pia ukiwa umeongeza Triton X-100, aina ya sabuni, kiasi cha asilimia 0.01. Uzuio ukitoweka, molekuli zilikuwa zinajikusanya kuwa madonge na kukinasa kimeng'enya. Itoe hiyo kwenye jedwali, hata kama ilipata −10.