Siku Moja Maishani Mwangu: Mtambo Uliokosa Taa

Mimi ni fundi sanifu wa maabara ya kemia katika mojawapo ya vyuo vikuu vya umma vya mashariki mwa Uganda. Nilizaliwa Busia, mpakani, ambako Kiswahili ni lugha ya soko na ya uani. Siku ninayoieleza hapa ni Jumatano moja ya mwanzoni mwa Juni, zikiwa zimebaki wiki tatu mwaka wa fedha ufungwe.

Saa 12:00 asubuhi. Kituo changu cha kwanza ni friza inayotunza sampuli katika nyuzijoto 80 chini ya sifuri, kwa sababu umeme ukikatika usiku na jenereta isishike, kazi ya miaka miwili ya mwanafunzi huharibika kabla ya kupambazuka. Kioo chake kinasoma 78 chini ya sifuri. Naandika namba hiyo daftarini, kisha napima dizeli kwa kijiti na kuiandika pia.

Saa 2:00 asubuhi. Nawasha mtambo wa kromatografia, yaani wa kutenganisha kemikali zilizochanganyika, tunaoutumia kupima sumukuvu katika mahindi na karanga. Uliletwa na mradi wa mkopo kwa zaidi ya shilingi milioni 200 za Uganda, ukiwa na dhamana ya mwaka mmoja, na dhamana hiyo imekwisha zamani. Leo nasikia kiwashio cha taa ya kigunduzi, sehemu ya mtambo inayoisoma sumu kwa mwanga, kikigonga mara tatu, kikitulia, kikagonga tena. Kisha skrini inaandika kwamba taa imeshindwa kuwaka. Nausubiri upoe na kuuwasha upya, lakini jibu ni lile lile.

Taa hiyo haizidi kidole cha mtu mzima, ila kazi yote iko ndani yake. Sumukuvu za kundi la aflatoksini zikimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno, wa takriban nanometa 365, hung'aa zenyewe, nyingine kwa rangi ya buluu na nyingine kwa rangi ya kijani, na mng'ao huo ndio tunaoupima ili kujua kiasi cha sumu kilichomo. Taa ikifa, pampu zitaendelea kusukuma na kompyuta itaendelea kuchora mstari, lakini mstari huo hautakuwa na habari yoyote.

Saa 4:00 asubuhi. Anafika mama mmoja mfanyabiashara wa nafaka akiwa na konzi mbili za mahindi alizofunga kwenye leso. Baada ya salamu namweleza kwa upole kwamba konzi mbili hazitoshi, kwani punje chache zilizoota kuvu zinaweza kubeba sumu ya gunia zima. Kwa hiyo inabidi bambo, kile chuma cha kuchotea nafaka guniani, lipite katika magunia mengi, juu, katikati na chini, kisha mahindi yote yachanganywe na kusagwa pamoja. Hanung'uniki, anapanda boda boda na kurudi ghalani. Mama huyu anakumbuka vizuri Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hizi, na malori yakabaki yamepanga foleni mpakani. Maabara yetu haitoi cheti cha kuvushia mzigo, lakini anayepima mapema anajua la kufanya kabla hajalipa nauli ya lori. Kiwango cha Afrika Mashariki kinaruhusu aflatoksini zote kwa jumla zisizidi sehemu 10 katika bilioni, na hakuna jicho la binadamu linaloweza kuona kiasi hicho.

Saa 5:30 asubuhi. Niko ofisi ya fedha na karatasi yangu ya maombi ya taa mpya, ambayo kwa bei ya wakala ni kama shilingi milioni 5. Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae nami kidogo, maana tatizo la vyuo vya mikoani mara nyingi huelezwa kana kwamba ni kukosa mitambo tu. Mtambo hununuliwa kwa fedha za maendeleo, mara moja, na unaonekana kwenye taarifa za mwaka. Vipuri, kemikali, gesi ya naitrojeni na ziara ya mhandisi wa kuhakiki usahihi wa vipimo hutoka kwenye matumizi ya kawaida, na kwetu kasma ya matengenezo inagawanywa kati ya magari, mapaa, mabomba, jenereta na maabara zote. Bomba likipasuka bwenini, kila mtu anaona maji yakitiririka. Taa ya kigunduzi ikizimika, tunaojua ni watu watatu.

Mhasibu anafungua mfumo wa malipo, anautazama kwa muda, kisha ananiambia, "Fundi, pesa ipo. Siku ndizo hazipo." Anamaanisha kwamba zabuni lazima ifuate sheria ya manunuzi ya umma ya mwaka 2003, bei zilinganishwe, taa iagizwe kutoka nje, ifike na ipokelewe bohari, ndipo mlipaji alipe, na kisichotumika hadi tarehe 30 Juni kinarudi Hazina. Siilaumu sheria hiyo, kwa kuwa inalinda fedha ya wananchi. Ninacholalamikia ni kwamba hakuna aliyeiandikia taa bajeti siku mtambo uliponunuliwa, ilhali kila fundi anajua taa ina idadi ya saa za kuishi. Kila mtambo unaonunuliwa kwa fedha ya umma ungepaswa kuja na fungu lake la matengenezo la miaka isiyopungua 5, fungu ambalo hakuna ruhusa ya kulihamishia kwenye matairi ya magari.

Serikali ilianzisha vyuo vikuu vya Mbarara mwaka 1989 na Gulu mwaka 2002, ikaongeza Busitema, Muni, Kabale, Lira na Soroti, ili sayansi isibaki Kampala peke yake, na mimi naiamini nia hiyo kwa moyo wangu wote. Katika mwaka wa fedha wa 2019/2020 ilitenga shilingi bilioni 30 kwa utafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, kilichoko Kampala. Siwaonei wivu wenzetu. Naomba mkono huo huo ufike na huku, hata kwa kipimo kidogo, mradi uwe unafika kila mwaka.

Saa 7:00 mchana nala kikomando, chapati iliyokatwakatwa na maharagwe, kwenye kibanda cha getini na kurudi kazini.

Saa 8:30 mchana. Mwanafunzi wa uzamili ananisubiri mlangoni na chupa zake 60 za karanga zilizokwisha kuchujwa. Namweleza habari ya taa. Ananyamaza, kisha anauliza kama sampuli zitastahimili safari ya Kampala kwa basi. Zitastahimili zikiwekwa kwenye barafu, namjibu, ila huko nako kuna foleni. Tunaanza kuzifunga pamoja.

Saa 10:00 alasiri. Mama amerudi na mfuko wa kilo tano. Nimebakiwa na vijiti vichache vya kipimo cha haraka, hivyo nasaga, nachanganya na kuchovya kimoja. Mstari wa kuthibitisha kwamba kijiti kinafanya kazi unatokea mwekundu na wazi. Mstari wa kipimo unatokea hafifu mno, na katika kipimo hiki mstari ukififia maana yake sumu ni nyingi.

"Ni kiasi gani, mwanangu?" ananiuliza.

Siwezi kumwambia. Kijiti kinasema tu kwamba kikomo kimevukwa. Yaweza kuwa 12, yaweza kuwa 200. Ingekuwa 12, kuchambua punje mbovu kungeweza kumwokoa. Ikiwa 200, mzigo haufai kuliwa na mtu wala na ng'ombe, kwa sababu sumu hiyo hupita hadi kwenye maziwa. Namsihi ayatenge magunia hayo, asiyauze wala asiyasage mpaka nimpigie simu, nami naweka sampuli yake ndani ya sanduku la barafu, pembeni ya zile chupa 60.

Saa 1:00 usiku. Najaza fomu ya maombi ya mwaka mpya wa fedha, utakaoanza tarehe 1 Julai. Naomba taa mbili, moja ya kutumika na moja ya akiba. Nafasi ya kueleza sababu ni mstari mmoja, kwa hiyo naendelea nyuma ya karatasi, naandika juu ya magunia ya mama yule na swali aliloniuliza, kisha nabana fomu pamoja na kile kijiti. Friza inasoma 79 chini ya sifuri. Naandika, nafunga mlango.